Kondakta wa Handaki la Hanjuang

Rukanda alizaliwa Cikalapis, kijiji kilichobanwa kati ya mto na kilima cha Hanjuang, na tangu anatambaa masikio yake yalijaa habari za handaki. Babu yake, Aki Sarkim (aki ni babu kwa lugha ya huko), alikuwa mmoja wa waliolichimba enzi za Waholanzi. Alibeba udongo kwa pakacha kutoka tumboni mwa kilima, na kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilibaki humohumo, chini ya jiwe. Mzee alilisimulia jambo hilo kwa majivuno, kana kwamba kile kidole kilikuwa hisa yake katika reli. "Mimi ndiye mwenye nyumba," aliwaambia wajukuu. "Ninyi ni wapangaji tu."

Upande huu wa kilima kulikuwa na minazi, Cikalapis na vijiji vya kuelekea pwani. Upande wa pili ulikuwa mji wa Rancawuni, wenye soko, shule kubwa na hospitali. Aliyekwenda kwa miguu kukizunguka kilima alifika amechakaa. Aliyepanda treni aliingia gizani, akavuta pumzi mara chache zenye harufu ya moshi, akatokea sokoni. Wajapani walipokuja, handaki lilipitisha mchele wa watu kwenda kusikojulikana, huku Cikalapis ikila mashina ya migomba. Wakaondoka, vita vya uhuru vikapita, wakaja waasi wa milimani. Kwa misimu kadhaa kijiji kizima kilihamia ndani ya handaki kila jua lilipozama: mikeka juu ya kokoto, watoto na mbuzi katikati, wanaume kwenye milango yote miwili. Rukanda alikuwa mdogo wakati huo. Alichokikumbuka ni maji yakidondoka na kiganja cha dada yake Icoh kikimziba mdomo asikohoe.

Basi haikuwa ajabu kwamba alipokua hakutaka kazi nyingine ila ya reli. Alianza kwa kufagia mabehewa, akapanda akawa mtu wa breki, na alipokuwa keshaoa akapewa kofia, filimbi na koleo la kutobolea tiketi. Siku yake ya kwanza ya ukondakta watu wa Cikalapis walijaa kituoni kama wanaosubiri bwana harusi. Walimpigia makofi. Kisha wakapanda, wakaketi, na hakuna hata mmoja aliyekwenda dirishani kukata tiketi.

Alipowafikia, wa kwanza alikuwa Ma Uwi, mama muuza ng'onda, aliyemlea mgongoni wakati mama yake yuko shambani. Rukanda alikohoa, akanyoosha koleo lake jipya.

"Haya, kondakta, nikamate," Ma Uwi alisema, akageuka kumwonyesha mgongo. "Lakini kwanza niambie, mgongo huu ulioukojolea wewe, nauli yake nani atanilipa?"

Behewa zima lilicheka. Rukanda naye alicheka, masikio yakimuwaka moto, akapita. Na akishapitwa Ma Uwi, nani mwingine angetozwa? Yule alikuwa mjomba wa mkewe, huyu alimfundisha Kurani, wale walikuwa watoto wa shule waliomwita Mang Kanda, yaani mjomba, kama alivyokuja kuitwa na kila mtu.

Baada ya muda alijitafutia njia ya kutoona haya. Taa za mabehewa zilikuwa zimekufa zamani. Alianza na mabehewa ya mbele, kwa wageni waliotoka pwani, akitoboa tiketi zao polepole, akiulizia hali na bei za samaki, hadi injini ilipopiga honi kukaribia kilima. Hapo ndipo alipoingia behewa la watu wake. Alipita gizani akishika migongo ya viti, kuna aliyecheka kichinichini, kuna aliyemchomekea ndizi mfukoni, na mwanga uliporudi alikuwa tayari kwenye behewa la mizigo.

"Leo sikumwona mtu," alimwambia mkewe Entin jioni, na hakuwa amesema uongo.

Asubuhi alikuta mlangoni sukari ya mnazi iliyofungwa kwa majani, au ng'onda, au mkungu wa ndizi. Hakuna aliyesema ni vya nini. Rukanda hakuviita rushwa. Rushwa ilikuwa mambo ya wakubwa wa mjini. Hivi vilikuwa vya ujirani, na ujirani aliulipa kwa kutoona. Miaka ikaenda hivyo, na ukweli ni kwamba ilikuwa miaka mizuri. Alipendwa. Hakuna karamu iliyopikwa Cikalapis ambayo sinia lake halikutengwa.

Kisha akaja Suhardiman, mkaguzi kutoka Bandung. Alikuwa mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi na kifua kibovu. Hakuja na makelele. Aliketi na Rukanda kwenye behewa la mizigo, wakala pamoja wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, akamweleza mambo yalivyo. Injini zilikuwa zimezeeka, madaraja yameshika kutu, na mbata nyingi siku hizi zilichukuliwa na malori. Wakubwa walikuwa wanataka kujua kama njia hii ina watu. Kiangazi kile kizima wangehesabu abiria kwa tiketi zilizouzwa. Watu wakionekana wapo, fedha za madaraja zingetafutwa. Wasipoonekana, njia ingefungwa.

"Ya nyuma siyaulizi," Suhardiman alisema, akikunja jani lake vizuri. "Na mimi nina kijiji changu. Nakuomba msimu huu tu, watu wako wakate tiketi."

Rukanda aliitikia kwa moyo wake wote. Jioni ileile alikwenda kwa dada yake Icoh, ambaye neno lake lilisikilizwa na wanawake wote wa sokoni, akamwomba alieneze jambo hilo. Icoh alikuwa anakaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Alicheka mpaka akaepua kikaango.

"Treni ifungwe? Hilo lichuma lote litakwenda wapi? Aki Sarkim si atafufuka adai kidole chake!"

Rukanda naye alicheka. Baadaye, alipoyarudia mambo yale kichwani, hakuna kilichomuuma kama kicheko kile. Hakudanganywa wala kulazimishwa. Alicheka tu.

Kesho yake alisimama kwenye mlango wa behewa, maneno ameyapanga. Ma Uwi alikuwa wa kwanza kufika, keshakuwa mzee, kikapu kimempinda shingo. "Nipishe, Kanda mwanangu, mzigo mzito huu." Akampisha. Akajiambia atasema kesho. Lakini kesho ilikuwa ngumu kuliko jana, kwa sababu sasa ingebidi aeleze kwa nini jana hakusema. Wiki moja baadaye ilikuwa ngumu zaidi. Alimwuliza Icoh mara moja kama amewaambia wanawake, Icoh akasema wanajua, wanajua, na Rukanda hakuuliza tena kwa kuwa jibu hilo lilimfaa. Honi ikipigwa, yeye alikuwa anaingia gizani kama kawaida. Kiangazi kikaisha.

Suhardiman alirudi mvua za kwanza zilipoanza, akasoma tangazo kwenye ukumbi wa kijiji. Watu walikasirika. Mmoja alisimama akauliza kwa nini, mbona treni hujaa kila siku mpaka watu wananing'inia milangoni.

Mkaguzi alikohoa. "Kwa hesabu zetu," alisema, "Cikalapis hakuna mtu."

"Na sisi tuliokaa hapa ni nini, mizimu?"

Wengine walicheka kwa uchungu. Suhardiman alimtazama Rukanda mara moja, akainamisha macho, akakunja karatasi yake. Hakumtaja kwa jina wala kwa dokezo, siku ile wala baadaye. Rukanda angepata nafuu kama angetukanwa mbele za watu. Alipopewa nafasi kwenye njia nyingine ya mbali aliikataa, akisema amechoka kusafiri. Aliirudisha kofia, akaanza kugema minazi na kupika sukari kama baba yake.

Treni ilipokoma, kijiji kiligundua jinsi kilima kilivyo kikubwa. Basi lilizunguka kwa barabara mbovu, na mvua ikinyesha halikuja kabisa. Watu wakarudi kwenye handaki kwa miguu, na mienge ya makuti mkononi. Lakini handaki nalo lilikuwa limeachwa. Hapakuwa tena na mtu wa kuzibua mfereji wa pembeni. Udongo ulijaa, maji yakapanda juu ya mataruma ya reli, popo wakateremka hadi karibu na vichwa vya watu.

Nengsih alikuwa mtoto pekee wa Icoh. Alipokuwa msichana wa shule alikuwa anambana mjomba wake mkono gizani, halafu mwanga ukirudi anatazama dirishani kama si yeye. Aliolewa na Oman, fundi seremala, kijana wa maneno machache ambaye alimtengenezea kitanda cha harusi kwa mkono wake mwenyewe. Mimba yake ya kwanza ilikomaa katikati ya masika. Uchungu ulimwanza alfajiri, na jua lilipokuwa limepanda mkunga wa kijiji alitoka nje akinawa mikono, akasema kazi hii imemshinda, apelekwe Rancawuni sasa hivi.

Barabara ilikuwa imekatwa na maji. Walifunga kitambaa cha sarungi kwenye mti wa mwanzi, wakamlaza Nengsih humo kama kwenye pembea. Oman alishika nyuma, majirani wachache wakifuata na mienge. Rukanda alishika mbele, kwa sababu hakuna aliyejua kila taruma la humo ndani kama yeye. Icoh alitembea kando, ameushika mkono wa mwanawe.

Walipofika katikati, maji yalivuka magoti. Mataruma yalikuwa yanateleza kama sabuni na chini kulikuwa na tope la kunyonya miguu. Oman alianguka, mwanzi ukaegemea ukuta, wakasimama, wakavuta pumzi. Mtu mmoja alitangulia na mwenge kupima njia. Treni ya asubuhi ingekuwa imeshapita zamani. Rukanda aliliwaza hilo akiwa na mti begani, na alilijua kwa mwili wake, maana mwili wake ulikuwa bado unaifuata ratiba.

"Mang Kanda," Nengsih aliita kutoka kwenye kitambaa, maumivu yalipompisha kidogo.

"Nipo, mwanangu."

"Leo tena nimepanda bila tiketi."

Alitaka kuwachekesha, na wale wanaume kweli walicheka, hata Oman. Rukanda alisema tu wabebe, wabebe, twendeni.

Mtoto alizaliwa palepale, hawakuwahi kutoka. Icoh alimpokea kwa mikono yake, akamfunga kwenye kanga aliyojivua begani, na kilio chake kikagonga kuta na kurudi, kikagonga tena, mpaka ikawa kama handaki zima limejaa vichanga. Wote walifurahi. Damu hakuna aliyeiona, maana gizani maji yote ni meusi. Waliiona walipoukaribia mlango wa pili na mwanga ukaingia. Walikimbia. Nengsih alikata roho kwenye kituo kikuukuu cha Rancawuni, amelazwa juu ya benchi la abiria, hospitali ikionekana ng'ambo ya barabara.

Watu walisema ni amri ya Mungu. Rukanda naye aliamini ni amri ya Mungu, na alisoma hitima pamoja na wengine hadi koo likamkauka. Lakini alijua pia kuwa Mungu alikuwa ameiacha treni pale kwa muda mrefu sana, na aliyeiondoa alikuwa yeye.

Hitima ya mwisho ilipokwisha alichukua jembe na karai, akaingia handakini. Alianza kuzibua mfereji kutoka mlango wa Cikalapis. Alichimba tope, akalibeba, akalimwaga nje, akarudi. Akaendelea kesho yake, baada ya kugema, na siku iliyofuata. Alipomaliza upande mmoja mvua iliujaza tena, akaanza upya. Watoto walimwita Kondakta wa Popo. "Mang, treni ya popo inaondoka lini?" walimpigia kelele kutoka mlangoni, na yeye aliwajibu kuwa bado wanakata tiketi.

Miaka ilivyopita dhihaka ikageuka kuwa sifa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuivumilia. Wamama waliokwenda sokoni miguu mikavu walimwombea dua. Ndizi zilianza tena kuonekana mlangoni kwake. Aliagiza zirudishwe kwa wenyewe. Watu walinung'unika kuwa Mang Kanda siku hizi anaringa, na Entin alipomuuliza alisema tumbo halimkubali. Nyumbani kwa Icoh alikuwa haendi ila kwa lazima. Mtoto, aliyeitwa Rohayati, alikuwa anakua na macho ya mama yake, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu moja kwa moja.

Oman alioa tena, akahamia pwani kujenga nyumba za wageni. Alikuja mara kwa mara kumwona binti yake. Kila akija alifika hadi handakini, akamsalimu Rukanda kwa heshima, akamsaidia kubeba karai mbili tatu, akaenda zake. Rukanda alikuwa hapati usingizi siku hizo.

Mwaka mmoja mkuu wa kijiji aliamua kumtunuku siku ya sherehe za uhuru. Rukanda alikataa, mkuu akadhani ni unyenyekevu. Siku ilipofika, watu wamejaa uwanjani, watoto wanapanda milingoti iliyopakwa mafuta kushindania zawadi, kipaza sauti kikaita jina lake mara kadhaa. Yeye alikuwa handakini na jembe lake, akiisikia sauti ile ikiingia kwa mbali. Icoh ndiye aliyekuja kumtafuta, amevaa kebaya, blauzi yake ya sherehe.

"Wanakuita huko. Toka."

"Waambie naumwa, Ceu," alimjibu dada yake mkubwa.

"Unaumwa nini, mgongo au kiburi?"

Rukanda alichota tope, akalitia karaini, kisha akalilaza jembe. Aliketi juu ya reli, akamweleza yote: mkaguzi na ombi lake, Ma Uwi na kikapu, kesho ile isiyofika, na jinsi alivyopita gizani kiangazi chote ili asione mtu. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka mbele. Mwishowe akasema, "Nengsih nimemuua mimi."

Kule nje kipaza sauti kilikuwa kimekata tamaa, kimeweka muziki.

"Mbona mimi umeniruka?" Icoh aliuliza.

"Umerukwa wapi?"

"Ulinituma, Kanda. Ulikuja jikoni kwangu ukanituma niwaambie wanawake. Unajua nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Kesho yake nilipanda na magunia yangu ya mbata, bure, na Nengsih ubavuni kwangu. Ulipouliza nikakudanganya. Miaka yote hii nikikuona na hilo jembe nasema, Kanda ananinyooshea kidole. Kila karai unalomwaga hapo nje nasema, hilo langu."

"Wallahi, Ceu, sikuwahi kukufikiria."

"Sasa najua. Humo ndani ulikuwa umejaa wewe peke yako." Alikung'uta vumbi kwenye kebaya yake. "Hata lawama unazibeba zote nyumbani, kama ulivyobeba ndizi."

Rukanda alitaka kucheka, kikamtoka kilio. Icoh hakumbembeleza. Yeye alikuwa ameshalia vya kwake jikoni, peke yake, miaka mingi. Aliponyanyuka kwenda alimwonya jambo moja tu: Oman asiambiwe. "Yule keshalala. Usimwamshe."

Tangu hapo Icoh alikuja handakini siku za soko zilipopisha, na karai lake mwenyewe. Hawakuzungumza sana. Alichota, akamwaga. Rukanda alitegemea mzigo utapungua sasa kwa kuwa wawili wameubeba. Haukupungua. Ila usingizi ulimrudia kidogo.

Angekoma hapo, mambo yangetulia. Lakini Rohayati alipoposwa, wazee wa ukoo walimchagua Rukanda atoe mawaidha kwa maharusi, kwa kuwa ndiye mtu safi wa kijiji. Alisimama mbele ya watu akazungumza juu ya uaminifu. Kesho yake, watu wakifungua turubai na kurudisha viti, alimkuta Oman nyuma ya jiko akikunja kamba, akamwambia. Onyo la Icoh alilikumbuka vizuri. Alijiambia kuwa mtu ana haki ya kujua. Ukweli ni kwamba kifua kilikuwa kimemjaa, na alitaka kuutua mzigo.

Oman alisikiliza hadi mwisho, kamba mkononi.

"Umemaliza, Mang?"

"Nimemaliza. Nisamehe."

"Miaka yote hii nimeilaumu mvua," Oman alisema polepole. "Mvua haina uso. Mtu anaweza kuishi na mvua. Wewe umekuja leo, siku ya pili ya harusi ya mwanangu, kuipa uso. Tena uso niliokuwa nausalimu." Alimalizia kukunja kamba, akaitundika msumarini. "Ulikuwa mzigo wako. Mimi umenitwishia kwa nini?"

Aliondoka mchana uleule bila kuaga. Icoh alipojua sababu hakumpigia kelele ndugu yake. Alisema, "Nilikuambia," akaingia ndani, na hakuja handakini kwa muda mrefu. Rukanda alibaki na jembe lake. Alikuwa ameona wazi jambo ambalo hapo kabla hakuliona: mara ya kwanza aliwaumiza watu kwa kunyamaza, na mara ya pili kwa kusema, na mara zote mbili alikuwa akitafuta raha ya nafsi yake.

Rohayati aliambiwa na bibi yake, kidogokidogo, kwa mwaka mzima. Siku moja asubuhi alikuja nyumbani kwa Rukanda na mkate wa muhogo, akaketi kibarazani, akamwomba ampeleke mahali alipozaliwa. Rukanda hakuwa ameweka alama yoyote pale, lakini miguu yake ilisimama yenyewe. Mfereji ulikuwa unapita vizuri. Rohayati alimulika ukuta kwa tochi, mawe yaliyopangwa na akina Aki Sarkim, meusi kwa moshi wa zamani.

"Mama alilia?" aliuliza.

"Hapana. Alifanya mzaha."

"Alisemaje?"

Rukanda hakuwahi kulitamka neno lile mbele ya mtu. Alilitamka sasa: leo tena nimepanda bila tiketi. Rohayati aliguna, kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho hakumwiga mtu, maana aliyekuwa nacho alikufa kabla hajamsikia.

"Kumbe huu mdomo wangu nimeurithi," alisema. Halafu: "Mimi bado nina hasira na wewe, Aki. Sijui itakwisha lini. Lakini nitakuwa nakuja."

"Njoo nayo hiyohiyo," Rukanda alimjibu.

Siku hizi vijana kutoka Bandung huja na kamera kulipiga picha handaki, na mara mojamoja kunavuma uvumi kwamba reli itafufuliwa. Wapimaji waliwahi kuja na fito zao, wakapima, wakaenda. Rukanda magoti yamemshinda. Kazi ya mfereji imechukuliwa na kijiji kwa zamu, na kuna wanaotega.

Idi zikija, Cikalapis watu huzunguka nyumba kwa nyumba wakiombana radhi, kwa dhahiri na kwa batini. Oman alikuwa akija kwa Icoh, kwa mkuu wa kijiji, kwa majirani wote, na nyumba ya Rukanda akaipita. Ilikuwa hivyo Idi baada ya Idi. Rukanda hakumlaumu. Aliketi kibarazani amevaa vizuri tangu swala ilipokwisha, akimwona akipita na wanawe, akainamisha kichwa.

Kisha mwaka mmoja Oman alikata kona. Alipanda ngazi, wanawe wakibaki uani, akanyoosha mikono yote miwili, akayasema maneno ya Idi harakaharaka huku anatazama ukuta. Rukanda aliishika ile mikono yenye sugu za useremala, akayasema maneno naye. Hakujua kama amesamehewa au mgeni wake ametimiza desturi tu, na alijiambia kuwa kuuliza si haki yake. Alimwita Entin alete wali wa Idi, uliopikwa ndani ya vifuko vya makuti, na mchuzi. Oman alikula amesimama, akasema mchuzi umekolea nazi, akateremka kuwahi basi.

Mwaka uliofuata alikuja tena, akaketi.